Mwisho Aliomtungia

Jumamosi mchana, mtu anayetaka kunyolewa kwa amani haendi kwa Kinyozi. Siku hiyo mashine hunyamaza katikati ya kichwa cha mteja kwa sababu mwenye mashine anabishana, na benchi hujaa watu wasio na shida ya nywele. Yupo Mfamasia wa duka la jirani, mwenye upara unaong'aa kuliko kioo. Yupo Muuza Viatu, ambaye hubisha kwanza ndipo aulize kilichosemwa. Yupo Sauti Saba, mfasiri wa filamu, kimya karibu na mlango. Na yupo Fundi, mshona nguo wa chumba cha tatu kutoka hapo, mwanamke pekee aliyeruhusiwa kuketi pale na kuwatukana wote bila kurudishiwa.

Kwenye kona ya juu ya kioo, Kinyozi alikuwa ameandika kwa wino mzito: FILAMU KUU. Chini yake kulikuwa na orodha ya kumi. Sheria ya benchi ilikuwa moja: hakuna filamu inayopanda wala kushuka mpaka wote wakubaliane. Kwa hiyo orodha ilikuwa haijabadilika tangu Mfamasia alipokuwa na nywele.

"Mimi nasema hivi," Kinyozi alianza, wembe juu, mteja chini amejaa povu mpaka machoni. "Filamu kuu ni farasi. Wakipungua mia, hiyo ni filamu ya kawaida tu, katazame na watoto."

"Nani anawahesabu?" aliuliza Mfamasia.

"Mimi. Nasimamisha picha, nahesabu miguu, nagawa kwa nne."

"Ndiyo maana mkeo hatazami na wewe."

Benchi likacheka mpaka likalia misumari. Mfamasia, kwa kuwa amechekesha, akajiona ana haki ya kuhutubia. "Filamu kuu ni urefu, jamani. Unaingia kijana, unatoka mtu mzima. Saa tatu, nne, na katikati wanakupumzisha ukanyooshe miguu. Ikiwa fupi, hiyo ni hadithi ya kando ya jiko."

"Kwa hiyo foleni ya dukani kwako nayo ni filamu kuu," alisema Fundi.

"Haya, mama wa sindano, tuambie wewe."

Walijua atasema nini, maana alilisema kila Jumamosi. Ila walipenda kumsikia akilisema. Fundi alivuta futi yake ya kitambaa shingoni, kama wakili anayeweka sawa joho.

"Nyinyi wanaume mnapima ukuu kama mnapima kiwanja, kwa hatua. Mimi nasema filamu kuu ni mtu mmoja asiyekubali. Majeshi yapite, wafalme wafe, dunia ipinduke, yeye yuko palepale. Mtazameni mke wa mhunzi. Hana panga, hana farasi, ana moto tu. Mumewe anachukuliwa akafue silaha za mfalme, anamwambia, 'Usiuache moto wangu ukazimika.' Naye hakuuacha. Miaka kumi na mmoja! Niambieni ni jemadari gani aliyeshika ngome miaka kumi na mmoja peke yake, kisha siku moja akainua macho akamwona mtu wake anashuka kilimani."

Hakuna aliyetania hapo. Wote walijua kwamba mume wa Fundi alikwenda kufanya kazi melini miaka sita iliyopita. Miwili ya kwanza alipiga simu. Minne iliyofuata, kimya. Fundi alibaki na mama mkwe wake katika nyumba ya vyumba viwili, na tangu simu zikome, kila mwaka, tarehe aliyoondoka mume, humshonea shati jipya kwa vipimo vilevile vilivyo daftarini, akalitundika kabatini. Filamu ya Mhunzi ilikuwa namba moja kiooni kwa sababu kuishusha kungekuwa kama kumwambia kitu ambacho hakuna rafiki aliyetaka kumwambia.

Na wiki hii jambo lilikuwa zito zaidi. Kaka yake mkubwa alikuwa amepiga simu. "Nimekuvumilia, mdogo wangu. Kesho nakuja na wazee wawili. Utanipa jibu moja tu: unabaki katika ndoa hiyo au unatoka."

Fundi alitazama kiooni amtafute Sauti Saba. Hivyo ndivyo walivyotazamana siku zote, kupitia kioo cha Kinyozi, yeye huku na yule kule mlangoni. Macho yakikutana ndani ya kioo si kosa la mtu, ni la kioo. Kwa kawaida Saba alikuwa anamngoja pale. Leo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Samahanini," ilisema sauti kutoka ndani ya povu.

Alikuwa yule mteja kitini, dereva wa lori, mpita njia ambaye hakuna aliyewahi kumwona. "Hiyo ya mhunzi, ni ile ya moto, na kilima, na mwanamke mwenye ndoo?"

"Ndiyo hiyohiyo!" alisema Kinyozi.

"Mbona mume hakurudi?"

Wembe ukasimama.

"Usitikisike, nitakukata," Kinyozi alisema, ingawa aliyetikisika ni yeye. "Amerudi bwana. Anashuka kilimani anachechemea."

"Yule si mhunzi. Ni mwenzake wa jeshini. Mimi niliitazama ile isiyotiwa sauti ya mtu, yenye maandishi chini. Anamletea nyundo ya mumewe. Anamwambia, 'Mumeo ni mzima, ana nyumba mji wa mfalme, ana mke na watoto watatu. Usimngoje.' Yule mama anachukua ndoo, anauzima moto. Mvuke unajaa. Mwisho."

"Anauzima kwa sababu mume amesharudi!" Muuza Viatu alipiga goti. "Moto wa nini tena? Saba mwenyewe ndivyo alivyotafsiri!"

"Sasa mimi nimekuja kunyolewa tu," dereva alisema kwa unyonge. "Muulizeni huyo Saba."

Vichwa vyote viligeuka mlangoni. Benchi lilikuwa na nafasi tupu, na pazia la shanga lilikuwa bado linacheza.

"Njia ya mwongo fupi," Mfamasia alinong'ona, kisha akamwona Fundi akiinuka, akatamani angeyameza maneno yake kwa maji.

*

Chumba cha Saba na cha Fundi viligawanywa na ukuta mmoja mwembamba. Ndani kwake, Saba alikuwa amebandika trei za mayai na magodoro makuukuu ili kelele zisiingie. Kulikuwa na kiti kimoja, televisheni, na kipaza sauti kilichovishwa soksi. Humo ndimo alimopata jina. Peke yake alikuwa mfalme, malkia, mtoto, kikongwe, jambazi, farasi na mvua. Watu wa mtaa mzima walizijua filamu za dunia kwa mdomo wake.

Ila godoro halizuii cherehani. Kwa hiyo tangu Fundi apange pale ilikuwepo sheria ambayo hawakuwahi kuizungumza. Saba akigonga ukuta mara mbili, Fundi huondoa mguu kwenye kanyagio. Akigonga mara moja, kazi imekwisha, ashone. Fundi alizisikia filamu zote kabla ya mtu yeyote, akiwa amekaa gizagiza la nguo za watu, mikono mapajani, akisikiliza mwanamume mmoja akijigawa kuwa watu wengi.

Alimkuta amesimama, kama aliyekuwa anangoja kukamatwa.

"Ni kweli?"

"Kaa kwanza, Fundi."

"Sikuja kukaa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Hakurudi."

Nje mtu alikuwa anauza mifagio, anaiita kwa wimbo. Walimsikiliza mpaka akapita.

"Kwa nini, Saba?"

Alijipangusa uso kwa kiganja. Huyu aliyeweza kuwa mfalme na farasi wa mfalme, leo hakuwa na sauti yake mwenyewe. Aliinama, akawasha mashine, akamvisha Fundi vile vya masikioni. Vidole vyake havikugusa hata ukingo wa kilemba chake.

Fundi akausikia mwisho anaoujua kwa moyo. Moto. Upepo. Kisha kile kilio ambacho mtaa mzima ulikisifu. Kinyozi alikuwa akisema mwigizaji yule analia kama mtu kweli, si kama hawa wanaojipaka vitunguu.

"Unamsikia huyo?"

"Mke wa mhunzi."

"Kwenye filamu yule mama halii. Anauzima moto macho makavu." Saba alizima mashine. "Huyo ni wewe."

Fundi alivua vile vitu polepole. Aliikumbuka siku hiyo. Kwa miezi kadhaa simu ilikuwa ikimwambia namba haipatikani, naye akasema sawa, mtu yuko baharini. Siku hiyo ilimwambia namba haitumiki tena. Akachukua jora la pazia la mteja, akafukia uso humo, akaamini hakuna aliyesikia.

"Niligonga mara mbili, cherehani ikanyamaza," Saba alisema. "Wewe hukunyamaza. Nikafika mahali pa kusema 'usimngoje'. Mdomo ukakataa, Fundi. Nikasema lingine."

"'Mke wangu, nimerudi. Moto bado unawaka?'"

"Ndiyo."

"Nimeamka na maneno hayo kila asubuhi. Miaka minne. Nikichoka nayasema, nikitukanwa na shoga zangu nayasema. Ulinipa dawa ya siku moja, nami nimeinywa miaka minne!"

"Nilitaka unyamaze siku ile tu. Kesho yake nikakusikia unashona huku unaimba. Nikasema, basi, Mungu atanisamehe."

"Mungu ana kazi zake. Mimi ungeniambia lini?"

"Kila Jumamosi. Kila Jumamosi nilikwenda kwa Kinyozi nimeazimia. Nakutazama kwenye kioo, unaitetea ile filamu kama mtu anayetetea roho yake. Nitaanzia wapi?"

"Ungeanzia popote. Mwanamume mzima, unaweza kuunguruma kama simba wawili wanaopigana, unashindwa kusema 'Fundi, nilidanganya'?"

"Hao simba si mimi." Alitazama ukuta, si yeye. "Nilijifungia mlango kwa mkono wangu. Kila ukisimama pale ukasema utangoja, najua ni mimi niliyekufundisha kungoja. Halafu narudi humu, nawasha taa, nakuta kiti kimoja."

Hakuwa amewahi kusema kiasi hicho. Fundi alilisikia lililokuwa chini ya maneno yale wazi kabisa, kama uzi unapokatika. Siku nyingine moyo wake ungekimbia. Leo haukuwa na pa kukaa.

"Kesho kaka yangu anakuja kuchukua jibu," alisema. "Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimwambie nabaki. Na akibisha, unajua nilitaka kumwambia nini? Kwamba hata mhunzi alirudi mwaka wa kumi na mmoja." Alicheka kicheko kibaya, kifupi. "Wazee wawili wenye fimbo zao, na mimi nawatolea ushahidi wa farasi wako wa mdomo."

"Fundi..."

"Usiniite."

*

Alishona mchana wote. Hakuwa na nguo ya mtu mkononi. Alipitisha tambara moja chini ya sindano, akaligeuza, akalipitisha tena, ili mlio uwepo tu, yule wa upande wa pili asipate hata dakika ya kuwa mfalme.

Jua lilipoanza kulalia dirishani, ukuta uligongwa mara mbili.

Akakanyaga zaidi.

Mara mbili tena. Cherehani ikaunguruma, tambara likawa gumu kama mkeka.

Mara ya tatu mguu ulisimama wenyewe. Fundi aliutazama kwa hasira, kama mtoto aliyetii jirani badala ya mama yake.

Na Saba akaanza. Upepo. Nyayo za mtu anayechechemea, ambazo huzifanya kwa viganja juu ya paja. Kisha sauti ya askari mzee aliyechoka: "Mama, hii ni nyundo yake. Yeye ni mzima. Ana nyumba nyingine. Usimngoje."

Baada ya hapo palikuwa mahali pa maji kumwagwa juu ya makaa. Saba huufanya mlio huo kwa meno, na watoto wa mtaa humuiga. Leo hakuufanya. Aliacha kimya, yeye anayeogopa kimya katika filamu kama mwenye duka anavyoogopa mlango uliofungwa. Kimya kikapita ukutani, kikajaa chumba cha Fundi, kikakaa juu ya majora na vifungo na suruali za watu zisizo na miguu ndani.

Alingoja mlio mmoja ukutani, wa kusema kazi imekwisha. Haukuja. Akangoja. Ndipo alipoelewa kwamba yule bwana hakuwa na ujasiri wa kuimaliza mwenyewe.

Fundi aliinua kidole kilichovaa tondoo, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, akagonga ukuta. Mara moja.

Akafunga chumba, akapita mbele ya mlango wa Saba bila kugeuka.

*

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani na mashati. Jumamosi ndiyo siku yake ya kuyapunga hewa. Yalikuwa manne, ameyapanga mapajani kama watoto waliolala.

"Umechelewa, mwanangu. Macho yako yana nini?"

"Mama, mhunzi hakurudi."

Bibi yule alikuwa ameitazama filamu ile mara nyingi kuliko yeyote, yeye na Fundi wakiegemeana mbele ya televisheni ndogo. Alilainisha kola ya shati. "Najua," alisema.

"Unajua? Nani kakuambia?"

"Nani aniambie? Nina macho. Mwanamke aliyerudiwa na mumewe hashiki ndoo. Anakimbia, anaangusha kanga, anajikwaa. Yule hakukimbia. Siku ya kwanza tu nilijua."

Fundi aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Alijiona mjinga kati ya watu wenye akili, na mpweke kati ya watu waliompenda. Saba na mama huyu walikuwa wamemzunguka miaka minne na siri moja, kama watu wanaozungukia kitanda cha mgonjwa.

"Kwa nini hukusema, mama?"

Mama mkwe alikunja mkono wa shati. "Ukijua, utaondoka. Ukiondoka, mimi nitamngoja na nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kusema kwamba kungoja kuna mwenza. Fundi alifikiri atakasirika. Badala yake aliegemeza kichwa kwenye goti lile jembamba, na mkono wa bibi ukashuka kichwani kwake, ukakaa.

"Kesho nitamwambia kaka natoka," Fundi alisema.

Mkono haukuondoka. "Na mimi?"

"Kwako nitakuja kila Jumamosi. Nitakuja nikuhadithie walivyobishana."

"Watakuwa wameifuta kiooni, hiyo filamu yenu."

"Hawaifuti. Sasa ndiyo nawaelewesha." Fundi alisikia sauti yake ikiwa nzito na ngeni. "Kungoja si kazi kubwa kama nilivyodhani. Unakaa tu, siku zinakuja zenyewe. Lakini kuuzima kwa mkono wako, bila mtu kukushika... Hiyo ndiyo kuu."

Bibi alivuta pumzi. "Na yule wa ukutani?"

"Yupi?"

"Mwanangu, mimi ni mzee. Si kiziwi."

Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. "Sijui, mama. Kwanza nataka nikae siku moja simngoji mtu yeyote."

Aliinuka, akatoa futi shingoni. "Simama nikupime. Mashati manne yanatoa gauni moja la mtu mwembamba."

"Utakata nguo za mwanangu?"

"Nitazifumua. Sitakata."

Mama mkwe aliyahesabu mashati kwa kidole. Kisha akampa moja, la juu kabisa, la mwaka huu. Fundi alichukua mkasi mdogo, akalikunjua shati ili atafute pa kuanzia kwenye mshono wa bega. Mkono ukasimama.

Yale matatu ya zamani aliyashona kwa cherehani, mshono mara mbili, nguo ya kudumu. Hili lilikuwa limepigwa bandi tu, ule uzi mrefu wa mkono ambao fundi hushikizia nguo kabla hajaamua. Hakukumbuka kuliacha hivyo. Alikuwa amelipiga pasi, akalitundika, akasema limekwisha.

Alishika ncha ya uzi, akavuta. Ulitoka wote kwa mvuto mmoja.